Kitambua moshi kimebadilishiwa betri mara mbili lakini bado kinalia usiku: tatizo ni nini?

#1 Usingizi_Haba
Habari zenu wanajamvi. Nina kitambua moshi kilichofungwa kwenye dari ya korido, kati ya vyumba viwili vya kulala, na kwa siku tisa sasa kinatoa mlio mmoja mfupi na mkali, kisha kinanyamaza karibu dakika nzima kabla ya kulia tena. Si king'ora chenyewe cha hatari. Ni "pii" moja tu, kama kifaranga aliyepotewa na mama yake. Mchana sikisikii kabisa. Kinaanza kati ya saa tisa na saa kumi usiku, na jua likishapanda kinatulia kana kwamba hakijawahi kumsumbua mtu. Nimekwisha kukibadilishia betri mara mbili, zote za volti 9 na zote nimezitoa mwenyewe kwenye pakiti. Moshi hakuna, harufu ya kuungua hakuna, na jiko liko upande mwingine wa nyumba. Je, kifaa kimekufa, au kuna jambo ninalolikosea?

#2 Kimyakimya
Toa betri, kifungie kabatini, lala. Mimi nilifanya hivyo miaka mitatu iliyopita na sijapata tatizo lolote mpaka leo.

#3 FundiWaya
Mkuu Kimyakimya, hujapata tatizo kwa sababu nyumba yako haijashika moto, na hilo halihusiani na ubora wa ushauri wako. Mtu aliyelala haamshwi na harufu ya moshi kama wengi wanavyodhani, na hewa yenye sumu inayotoka kwenye kitu kinachofuka humzidishia usingizi badala ya kumwamsha. Kifaa hicho kipo ili kifanye kazi ambayo pua haiwezi kuifanya usiku.

Mleta uzi, kwanza tutenganishe milio. Milio mitatu mirefu, kituo, kisha mitatu tena, huo ni moshi na unatakiwa kutoka nje. Milio minne ya haraka kwa kawaida ni ya kitambua hewa ya kaboni monoksidi, na hapo pia unatoka. Mlio mmoja mfupi kila baada ya sekunde 30 hadi 60 ni kifaa kukulalamikia juu ya hali yake chenyewe: betri, uchafu, au uzee. Kwa hiyo naomba majibu ya maswali matatu. Je, kina waya wa umeme nyuma, au kinategemea betri peke yake? Je, ulipobadilisha betri ulibonyeza kitufe cha majaribio wakati betri ikiwa nje? Na je, nyuma yake pameandikwa tarehe gani ya kutengenezwa?

#4 Mwalimu_wa_Fizikia
Kuhusu saa tisa usiku, maelezo ni baridi. Betri huzalisha umeme kwa mmenyuko wa kikemia, na mmenyuko huo hupungua kasi kadiri joto linavyoshuka. Ukinzani wa ndani ya betri hupanda, hivyo kifaa kinapoivuta kidogo ili kuipima, volti yake hushuka chini ya kiwango kilichowekwa na mlio hutoka. Nyumba huwa na baridi zaidi kuelekea alfajiri. Jua likipanda, dari inapata joto, betri inajikongoja tena juu ya kiwango kile, na wewe unadhani tatizo limekwisha. Betri iliyo karibu kuisha huonyesha tabia hiyo kwa siku kadhaa kabla haijaanza kulia mchana na usiku bila kupumzika.

#5 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Mwalimu, kwa heshima zote, hiyo nadharia ya baridi huwa inanitia shaka. Mimi naona jambo ni jepesi zaidi: mchana kuna redio, kuna watoto, kuna maji yanayomwagika na milango inayofungwa, kwa hiyo mlio wa nusu sekunde hausikiki. Usiku kukiwa kimya ndipo unausikia. Kifaa kinalia saa zote, ila masikio ndiyo yana shughuli nyingine. Tena mleta uzi anasema betri ni mpya. Betri mpya ikishindwa na baridi ya ndani ya nyumba, basi si mpya.

#6 Usingizi_Haba
Asanteni. FundiWaya, kifaa hakina waya, kinatumia betri tu. Kitufe sikukibonyeza betri ikiwa nje. Sikujua kama inatakiwa. Tarehe nitaiangalia nikipata ngazi, kwa sababu kiti nilichotumia mara ya kwanza kina mguu mmoja mfupi na nusura kinimwage.

Kuhusu hoja ya Nahodha, leo nilikaa koridoni kuanzia saa saba mchana mpaka saa nane kasoro robo nikiwa na daftari, redio ikiwa imezimwa na watu wote wakiwa nje. Sikusikia hata mlio mmoja. Usiku wa kuamkia leo nilihesabu milio 31 kabla sijakata tamaa. Kwa hiyo mchana kinanyamaza kwelikweli. Si masikio yangu.

#7 BintiMakini
Pakiti mpya si lazima iwe na betri mpya. Angalia tarehe iliyochapishwa ubavuni mwa betri yenyewe, kwa sababu betri inaweza kukaa rafu ya duka miaka mingi. Halafu, je, ni betri za kawaida au za kuchaji? Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilijisumbua wiki mbili nikiweka betri ya kuchaji iliyojaa kabisa, na kifaa kikaendelea kulia. Betri ya kawaida ya alkali ya umbo lile ina seli 6 ndani, kila moja volti 1.5, ndiyo tunapata 9. Ya kuchaji ya nikeli ina seli za volti 1.2, na jumla yake ni volti 8.4. Inaanza safari ikiwa tayari imeukaribia mpaka ambao kifaa kinauita "betri imeisha".

Lipo pia kosa ambalo naona aibu kulisimulia. Baadhi ya betri huja na kifuniko kidogo cha plastiki, au karatasi nyembamba inayong'aa, juu ya vile vichwa viwili. Mara moja niliisukuma betri ndani bila kuibandua.

#8 FundiWaya
BintiMakini yuko sahihi, ila nirekebishe kidogo: volti 8.4 ni za betri yenye seli 7. Zipo za zamani zenye seli 6 tu, ambazo hutoa volti 7.2, na hizo zikiwekwa kwenye kitambua moshi huweza kulia tangu dakika ya kwanza. Zipo pia zenye seli 8. Kwa hiyo maandishi ya "9V" kwenye ganda yanaeleza umbo kuliko yanavyoeleza umeme.

Kuhusu kitufe: kifaa kina kapasita ndani, yaani sehemu inayohifadhi umeme kidogo hata betri ikiwa imetolewa. Kwenye baadhi ya vifaa, ukibadilisha betri haraka, kifaa hakijui kwamba kimebadilishiwa, na kinaendelea na malalamiko yale yale. Toa betri, bonyeza kitufe ukishikilie sekunde 15 hadi 20 (huenda kikatoa mlio dhaifu wa mwisho, usishtuke), achia, kisha weka betri mpaka usikie "tak" ya vile vichwa vikikaa. Funga mlango wake vizuri. Mlango uliofungwa nusu ni sababu ya wito mwingi ninaoitwa kuliko kitu kingine chochote.

#9 Mzee_Ngazi
Wanangu, mnazunguka sana. Vifaa hivi vina madini ya mionzi ndani, na madini hayo huisha nguvu baada ya miaka kumi. Yakiisha, kifaa kinalia ili kitupwe. Ndiyo maana huandikwa miaka kumi. Betri haina kosa.

#10 Mwalimu_wa_Fizikia
Mzee Ngazi, shikamoo. Miaka kumi ni kweli, lakini sababu siyo hiyo. Kwanza, si vyote vyenye mionzi. Viko vya aina mbili. Aina ya mwanga ina kitaa kidogo na jicho la kupokea mwanga, vilivyopangwa kwa pembe ili visionane moja kwa moja. Moshi ukiingia unautawanya mwanga mpaka ulifikie jicho, na king'ora kinalia. Aina ya pili, ya ayoni (yaani chembe za hewa zilizotiwa chaji ya umeme), ndiyo yenye chembe ya amerisiamu-241, hayo madini ya mionzi unayoyasema. Nusu uhai ya amerisiamu hiyo, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni takribani miaka 432, maana yake baada ya miaka kumi imepungua kwa chini ya asilimia 2. Kinachochoka ni vipande vya kielektroniki, pamoja na vumbi na kutu vinavyojikusanya ndani ya chumba cha kupimia moshi.

Nikiruhusiwa kuchepuka kidogo: inasimuliwa kwamba aina hii ya ayoni ilianzia kwenye kushindwa. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa akitafuta kifaa cha kutambua gesi ya sumu. Gesi haikukitikisa kipimo chake. Akawasha sigara, na sindano ya kipimo ikasogea.

#11 Kimyakimya
Kwa hiyo mimi nimefungia mionzi kabatini pamoja na mashuka kwa miaka mitatu?

#12 Mwalimu_wa_Fizikia
Ikiwa ni cha aina ya ayoni, ndiyo, lakini mionzi yake kwa sehemu kubwa ni ya alfa, ambayo huzuiwa na karatasi moja au sentimita chache za hewa. Lala salama, ila usikifungue kwa bisibisi. Kinachopaswa kukukosesha usingizi ni dari isiyo na kitambua moshi.

#13 Paka_wa_Ghorofani
Niulize swali ambalo hakuna aliyeliuliza: mleta uzi ana hakika gani kwamba mlio unatoka kwenye kifaa kile cha koridoni?

Kisa changu ni hiki. Tulipohamia nyumba ya sasa tulisumbuliwa na mlio kama wenu kwa karibu mwezi mzima. Nilibadilisha betri ya korido, ya sebule, nikamlaumu mume wangu, nikailaumu friji, na mbwa wetu akawa anajificha chini ya kitanda kila usiku akitetemeka. Siku moja nilifungua droo ya chini ya meza kutafuta mkasi, na "pii" ikanipiga usoni. Ndani, chini ya taulo kuukuu, kulikuwa na kitambua kaboni monoksidi cha wapangaji waliotangulia, kimefikia mwisho wa maisha yake na kinaomba kuzikwa. Nilikuwa nimekaa kwenye meza ile kila siku nikiapa kwamba sauti inatoka juu.

#14 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Dada Paka, pole sana, lakini unawezaje kukaa juu ya sauti mwezi mzima usijue iko wapi? Mimi sauti yoyote ndani ya nyumba yangu naielekea nikiwa nimefumba macho.

#15 Mwalimu_wa_Fizikia
Nahodha, hii huielekei, na si kosa la dada. Mlio wa vifaa hivi huwa karibu hezi 3,000, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde. Sauti za chini, hadi kama hezi 1,500, tunazijua zinakotoka kwa tofauti ndogo ya wakati kati ya sikio moja na jingine. Sauti za juu sana tunazijua kwa sababu kichwa kinazizuia upande mmoja, kama kivuli. Hezi 3,000 iko katikati, mahali ambapo njia zote mbili ni dhaifu. Ongeza kwamba mlio ni wa muda mfupi mno, hivyo huna nafasi ya kugeuza kichwa na kulinganisha, na kwamba kuta na sakafu ngumu zinaurudisha kutoka kila upande.

Njia ninayoitumia ni kusimama chumba kimoja mlango ukiwa umefungwa, kusubiri milio miwili kamili, kisha kuhamia chumba kingine. Usiifukuze sauti, ukiifukuza utakuwa unaikaribia mahali ilipokuwa kwenye mawazo yako.

#16 FundiWaya
Niongeze kwa wenye vifaa vya waya, ingawa si suala la mleta uzi. Vile vilivyounganishwa nyumba nzima vikigundua moshi hulia vyote kwa pamoja, lakini mlio wa betri kwa kawaida hutoka kwenye kile kimoja chenye shida. Watu hudhani kuwa na waya ni kutokuwa na betri. Ndani mna betri ya akiba, nayo huisha kama zote. Angalia pia taa ya kijani: ikiwa imezimika, umeme haukifikii, na kifaa kinakula akiba polepole huku mwenye nyumba akibadilisha betri kila baada ya miezi michache na kulaani kiwanda. Niliwahi kukuta plagi ya nyuma imelegea, na mwenye nyumba alikuwa amekusanya betri kumi na moja kwenye bakuli, zote akiamini ni mbovu.

#17 Usingizi_Haba
Nimerudi na taarifa, na ngazi safari hii nimeazima.

Kifaa ni cha koridoni kwa hakika. Nilifunga milango kama Mwalimu alivyoelekeza na nikabaki peke yangu nacho kuanzia saa kumi kasorobo usiku. Nilikizungusha kushoto kikatoka kwenye bamba lake. Nyuma pana kibandiko kilichogeuka rangi ya chai, na tarehe ya kutengenezwa ni miaka tisa na miezi minne iliyopita. Betri zangu ni za kawaida za alkali, tarehe zake ziko sawa, na hapana plastiki juu ya vichwa. Lakini nilipoangalia kwa tochi kwenye nyufa za pembeni, niliona uzi mmoja wa buibui umevuka kutoka ukuta mmoja wa chumba cha ndani hadi mwingine, na vumbi la kijivu limeushikilia kama sufu. Buibui mwenyewe sikumkuta. Nilifyonza kwa brashi laini ya mashine ya kufyonza vumbi, nikashikilia kitufe sekunde 20 nikihesabu kwa sauti, nikarudisha betri mpaka ikasema "tak", nikafunga. Usiku ule hakikulia hata mara moja.

#18 BintiMakini
Hongera. Basi alikuwa ni buibui.

#19 FundiWaya
Tusiharakishe. Uzi wa buibui ndani ya kifaa cha aina ya mwanga kwa kawaida huleta king'ora kamili cha uongo, kwa kuwa unatawanya mwanga kama moshi. Mlio mmoja mfupi ni jambo jingine. Ni kweli kwamba baadhi ya vifaa hujikagua na kulia kwa ufupi chumba kikichafuka, lakini mleta uzi alifanya mambo matatu kwa mara moja: alisafisha, aliondoa umeme wa kapasita, na alikaza betri. Mimi naweka dau langu kwenye kapasita au ule mguso wa betri.

#20 Mwalimu_wa_Fizikia
Hakuna kati ya hayo matatu linaloeleza kwa nini kilikuwa kikinyamaza mchana. Mguso mbaya unaweza kulegea zaidi kwenye baridi, kwa kuwa chuma husinyaa, hilo nalikubali. Lakini kapasita haijui saa. Ningependa kujua usiku ule ulikuwa na baridi kiasi gani ukilinganishwa na zile tisa za nyuma.

#21 Mzee_Ngazi
Miaka tisa na miezi minne. Nilisema kifaa kimezeeka, mkanirekebisha madini, lakini kuhusu uzee mbona hamnijibu?

#22 FundiWaya
Mzee, hapo nakuunga mkono bila masharti. Hata kikinyamaza, kimebakiza miezi minane, na sioni sababu ya kuisubiri. Nunua kingine, mleta uzi. Vipo vyenye betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani, inayodumu muda wote wa miaka kumi. Usikiweke mlangoni mwa bafu wala karibu na feni, na siku mkipaka nyumba rangi kifunikeni, kisha mkifunue. Nimeona vilivyopakwa rangi pamoja na dari, vikapendeza, na moshi hauna pa kuingilia.

#23 Usingizi_Haba
Nimeagiza kipya. Wakati nakisubiri, niseme ukweli wote: usiku wa tatu baada ya kusafisha, saa kumi na dakika ishirini, nilisikia "pii" moja. Moja tu. Nilikaa kitandani mpaka kukapambazuka nikiisubiri ya pili, na haikuja. Mwalimu, baridi ilikuwa ya kawaida.

#24 Paka_wa_Ghorofani
Fungua droo.

#25 Usingizi_Haba
Nimefungua zote. Sasa hata friji ikikohoa naamka.

#26 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Mlio mmoja saa kumi usiku waweza kuwa nyenje dirishani. Usicheke, nyenje wana sauti kali, na mtu aliyekosa usingizi siku kumi na mbili husikia anachokitarajia.

#27 Kimyakimya
Wakuu, nimesoma uzi wote na nimeona aibu, kwa hiyo jana nilitoa kifaa changu kabatini, nikakipangusa, nikashikilia kitufe sekunde 20 kama FundiWaya alivyosema, nikakiwekea betri mpya ya alkali na kukirudisha darini. Nilipobonyeza kitufe cha majaribio kiliita kwa nguvu mpaka majirani wakagonga ukuta, nikafurahi. Usiku kucha kikatulia. Leo kimeanza kulia mara moja kila baada ya sekunde arobaini hivi. Nimeangalia saa mara mbili ili nisije nikabishiwa: kimeanza saa nane mchana, joto likiwa kali kuliko wakati wowote wa siku.

#28 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Mwalimu, uko wapi?

#29 Mwalimu_wa_Fizikia
Nipo. Kimyakimya, kabla sijasema neno, kigeuze nyuma utusomee tarehe.